Bawabu Aliyemenya Ndizi

Tulikuwa wanawake kumi na wawili nyuma ya nyumba ya msiba, tumekalia majani makavu ya migomba, tunamenya ndizi za waombolezaji, pale mgeni mmoja kutoka Muleba alipojivutia jani, akakaa pembeni yangu na kuomba kisu. Marehemu alikuwa Ma Kokushubira, aliyenipangisha chumba nilipokuja Nyabiyonza kuwa mwalimu nikiwa msichana, na aliyekuwa jirani yangu tangu hapo hadi wiki iliyopita. Mgeni alikuwa mkwe wa familia, kwa maana mwanawe amemwoa mjukuu wa marehemu. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, mwenye miwani na mikono ya haraka. Aliniambia anaitwa Kemilembe. "Shikamoo mama," akasema. Nikaitikia marahaba, nikampa pole ya safari. Akamenya ndizi mbili tatu, kisha akasema, kama mtu anayetafuta tu la kuzungumza, "Baba yangu aliwahi kufanya kazi huku zamani sana, mambo ya kahawa. Alikuwa anaitwa Deusi." Kisu kikaniteleza, kikanikata kidole gumba. Nikasema ni utomvu tu, utomvu wa ndizi unateleza. Nikanyonya kidole na kuinamia beseni ili asinione uso. Nina zaidi ya miaka themanini, lakini moyo ulinidunda kama wa mtoto aliyevunja chungu.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule ya wasichana ya misheni, nimepewa kazi ya kuwafundisha wanawake wa Nyabiyonza kusoma na kuandika. Mwinjilisti wetu alikuwa mtu mkavu, mwenye koti moja jeusi na macho yasiyopepesa, na siku ya kwanza aliniambia wazi: "Binti, hapa hatutaki mchezo. Ukiharibu jina la misheni siku moja tu, keshoye uko njiani kurudi kwenu Bweranyange." Sikuwa na njia nyingine ya kuishi kwa jasho langu, na nilikuwa nimekwisha kuahidiwa kwa mwanamume ambaye sikumtaka. Kwa hiyo kazi ile ndiyo iliyokuwa ukuta kati yangu na yule bwana. Naomba msomaji alikumbuke hilo, si kwa kunitetea, maana nimechoka kujitetea, ila ajue nilikuwa naogopa nini kila asubuhi nilipoamka.

Chumba changu kwa Ma Kokushubira kilikuwa na kitanda cha kamba, sanduku, na dirisha la ubao lililofunguka uani. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya kahawa kavu, na harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye uji. Ma Kokushubira alikuwa mjane wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe kilima cha pili. Alicheka kwa mwili mzima na kuamini kwa mwili mzima. Mchana tulikula ndizi na maharage, juu yake samli kidogo kama kuna mgeni, na msimu wa senene ukifika tulikula senene mpaka midomo ikang'aa mafuta. Saa tisa wanawake walikuja na vikapu vyao, wakaketi uani kuchambua kahawa, mimi nikasimama na ubao wangu mweusi mdogo. Saa nzima ilikuwa a, e, i, o, u. Baada ya hapo walichoka, mikono ikaendelea na kahawa, na macho yakaanza kunitazama kwa namna ya kuomba.

Walichoomba ni hadithi, na mimi nilikuwa nacho kitabu. Nesi mmoja wa kizungu, alipokuwa anarudi kwao, aliniachia kitabu cha Kiingereza chenye jalada la kijani, kurasa za mwisho zimevimba kwa mvua. Kilikuwa kitabu cha ujasusi. Afisa mmoja kijana anatumwa mji wa mbali kutafuta karatasi za siri, na mtu mwovu anayeitwa Daktari anamwinda kutoka hoteli hadi hoteli. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini usiku wa woga katika kitabu kile ulieleweka hata ukiruka maneno matatu katika kila mstari. Nikawa nasoma kimoyomoyo aya moja, kisha nawasimulia kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipowagomea nikachanganya Kinyambo, lugha ya kwetu. Nilijua fika mwinjilisti hangependa. Nikajiambia ni njia ya kuwavuta wapende kusoma, na waitu, ndugu zangu, walivutika! Hakuna aliyekosa darasa tena. Kikapu cha kahawa kilichokuwa kinachukua siku mbili sasa kilichukua nne, kwa sababu afisa wetu alikuwa amejificha kabatini na hakuna mkono uliothubutu kusogea.

Katika hoteli ya kwanza kulikuwa na bawabu. Ni mtu mdogo kabisa, hana hata jina. Anasimama mlangoni, anamenya tufaha kwa kisu kidogo cha kukunja, anasikiliza wageni wanavyoongea, na jioni anamuuzia Daktari namba ya chumba cha afisa. Afisa anaponea chupuchupu, mtumishi wake anauawa, na bawabu anatoka mlango wa nyuma na tufaha lake halijaisha kumenywa. Nilipofika hapo mara ya kwanza, Ma Kokushubira akauliza, "Tufaha ndiyo nini?" Mimi mwenyewe sikuwahi kuliona. Nikaona uvivu wa kueleza kitu nisichokijua. Nikasema, "Tuseme ndizi." "Za kupika?" "Ndiyo, za kupika." Mikono yote ikasimama. "Anamenya mwenyewe? Mwanamume?" "Mwenyewe." "Hana mke?" "Hana." "Dada je? Mama? Hata jirani?" "Hana mtu," nikasema, na nikaona nywele zikiwasisimka. Maana kwetu kumenya ndizi ni kazi ya mwanamke. Mwanamume aliyebaki peke yake huchoma ndizi na ganda lake, au hupita kwa majirani saa ya chakula akijifanya anaulizia jembe. Mwanamume anayekaa na kumenya mwenyewe, taratibu, kwa kisu chake, huyo kuna kitu amekificha. Daktari na bastola zake zote hakuwahi kuwatisha vile. Ningeweza kurekebisha palepale. Badala yake, nilipoona wamepata hofu, nikaongeza: anamenya polepole, hatazami kisu, anatazama watu.

Kitabu kikaisha. Daktari alikamatwa ndani ya treni, afisa akaoa, ukurasa wa mwisho ukawa wa harusi. Nilidhani watashangilia. Badala yake mama mmoja akauliza, "Na yule wa ndizi?" Nikapekua kitabu mbele na nyuma. Hakuwepo. Tangu alipotoka mlango wa nyuma, mwandishi hakumtaja tena hata kwa neno moja. Nikawaambia kitabu hakikusema. Ma Kokushubira akakasirika kweli, akasukuma ungo. "Haiwezekani mwalimu! Mtu ameua, halafu anaachwa anatembea? Yuko wapi sasa hivi?" Na mimi, kwa ujinga wa miaka kumi na tisa na kiburi cha kupendwa, nikawapa mwisho kwa namna ya nyumbani. Kwetu hadithi haisimuliwi kama habari ya kusikia, bali msimuliaji anasema ameona. Wasikilizaji wanamwitikia, "Ona tuone," yaani endelea kuona wewe ili nasi tuone kwa macho yako. Na anapomaliza anasema nilipoyaona hayo nikawaacha palepale, nikaja kuwaeleza. "Ona tuone," wakasema. Nikafunga kitabu, nikakishika kifuani, nikasema: bawabu alipanda meli, akavuka, akafika Bukoba, akapanda milima ya Karagwe, nami nikamwacha kando ya mto Kagera, upande wa Isingiro, amekaa peke yake anamenya ndizi zake, nikaja kuwaeleza.

Mtu mzima wa kwetu akisikia bibi anasema amemwona sungura akiongea na fisi, anajua bibi hajamwona. Lakini mimi nilikuwa na kitabu mkononi, na wanawake wale kitabu walichokijua ni kile cha Jumapili, ambacho hakidanganyi. Waliniamini kwa sababu mbili zilizogombana, hadithi inayosema imeona na kitabu kisichodanganya, na hakuna aliyezitenganisha, mimi mwenyewe nikiwemo. Jioni ile mama mmoja hakumtuma mwanawe mtoni, nami nikacheka.

Miaka iliyofuata nimesoma vitabu vingi vya ujasusi, kila nilichokiokota kwa wageni na kwa walimu wenzangu, na nimegundua kwamba bawabu wangu hakuwa peke yake. Vitabu hivyo vina tabia moja. Mwovu mkubwa hapewi nafasi ya kutoroka: anaanguka jabalini, anapigwa risasi, anameza sumu. Lakini mwovu mdogo, yule aliyefungua mlango kidogo tu, anaachwa. Dereva aliyedanganya njia. Mama wa posta aliyefungua barua kwa mvuke. Muuza sigara aliyetikisa kichwa mara moja, na kwa kutikisa huko mtu akafa. Nina daftari ambalo nimewaandika wote, kitabu kwa kitabu, na mbele ya kila mmoja nimeandika ukurasa alioonekana mara ya mwisho. Wajukuu wananicheka, wanasema bibi amekuwa polisi. Hawajui kwamba natafuta mwandishi mmoja tu aliyekumbuka kurudi, akaeleza mtu wa namna ile anakula nini asubuhi, analalaje, anawaambia nini watoto wake. Sijampata.

Bwana Deusi alifika wakati wa mavuno, miezi miwili baada ya hadithi kuisha. Alikuwa Mhaya wa Muleba, Mkatoliki, mkaguzi wa mashamba ya kahawa, mrefu na mpole, mwenye sauti ndogo. Alitumwa kutafuta wadudu waliokuwa wanakausha matawi. Alipita shamba kwa shamba na kioo cha kukuzia, akapindua majani, akauliza maswali na kuandika daftarini. Kabla ya kuja kwetu alikuwa amefanya kazi Isingiro miezi mitatu. Alipanga kibanda mita chache kutoka kwa Ma Kokushubira, na mke wake alikuwa amefariki mwaka mmoja nyuma, bado hajazaa. Hayo ya mke aliniambia mimi. Wengine hawakumuuliza, kwa sababu siku ya tatu Ma Kokushubira alirudi kutoka kisimani bila maji, mtungi mtupu kichwani, akaniingilia chumbani. "Mwalimu," akanong'ona, yeye ambaye hakujua kunong'ona. "Amekaa mlangoni. Anamenya. Kwa kisu kidogo cha kukunja. Hatazami kisu." Nikamwambia, "Ma, ni mtu tu, hana mke." Akanijibu, "Ndivyo ulivyosema. Hana mke."

Hapo ndipo ningeweza kusema. Dakika ile, chumbani kwangu, mtu mmoja tu akinisikiliza, ilikuwa bei rahisi kuliko zote. Nilitaka kusema, Ma, ile ndizi niliiweka mimi. Lakini nikaona mbele: Ma Kokushubira angeuliza basi ni mangapi mengine niliyoyaweka, angeuliza kwa sauti ile yake, wanawake wangesikia, mwinjilisti angesikia, na mimi ningekuwa njiani kwenda Bweranyange kwa yule bwana. Nikasema nitalifikiria. Nililifikiria wiki nzima, usingizi ukaniruka, uji ukanishinda.

Kilichonitesa zaidi ni kwamba alikuwa mtu mwema, na mimi ndiye pekee aliyezungumza naye. Siku moja alinikuta nimekaa na kitabu kile, akauliza kwa adabu kama anaweza kukiazima, maana Isingiro alikosa cha kusoma. Nilimpa kwa sababu sikupata haraka sababu ya kumnyima. Alikimaliza kwa siku nne. Alipopita kwetu tena alicheka, "Dada mwalimu, kizuri sana! Lakini niambie, yule bawabu mwenye tufaha aliishia wapi?" "Kitabu hakikusema," nikajibu. Akatikisa kichwa. "Mwandishi kamsahau. Yule ndiye aliyeua, ukitazama vizuri. Bila yeye Daktari asingejua afisa yuko chumba gani." Akaomba akae nacho kidogo, asome tena. Ma Kokushubira alikuwa anasikiliza nyuma ya mlango. Hakujua Kiswahili cha haraka, lakini alisikia neno bawabu, na akaona kitabu kikienda mkononi mwa mtu yule, na akatafsiri alivyotafsiri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Akiingia shambani kwa mtu, hakukaribishwa kahawa za kutafuna, na kwetu hata adui hunyooshewa kikapu chake cha kahawa kabla ya kuulizwa kilichomleta. Watoto walikimbia. Alipoonyesha matawi ya kukata, wakasema amekuja kukausha mibuni; alipokaa kimya, wakasema anasikiliza. Akaanza kukonda. Aliniuliza, "Dada, nimewakosea nini watu hawa? Kama kuna desturi nimeivunja niambie, niombe radhi." Alisimama uani, kofia mkononi. Nikamwambia labda hawajazoea wageni. Akanishukuru, Mungu wangu, akanishukuru kwa jibu lile.

Kisha asubuhi moja vijana watatu walimkuta kisimani anaandika, wakamnyang'anya daftari, wakampiga makofi, wakamleta kwa mkungu, yule msaidizi wa chifu aliyeamua kesi za pale kwetu. Tulikusanyika wote, mwinjilisti mbele kabisa ndani ya koti lake. Bwana Deusi alikuwa na damu kwenye mdomo na mfuko wake begani. Mkungu, mzee mwangalifu, hakuwa na haraka. Akauliza kosa la mtu huyu ni nini, na watu wakaitana majina mpaka wakamsukuma Ma Kokushubira mbele. Akasema yote: meli, Bukoba, Isingiro, kisu cha kukunja, ndizi. "Si maneno yangu, waitu. Mwalimu alituambia. Imeandikwa kitabuni." Mkungu akanigeukia. "Mwalimu, ni kweli imeandikwa?" Nilihisi macho ya mwinjilisti kwenye shavu kama joto la chungu. Nikasema, "Kuna mtu wa namna hiyo kitabuni." Bwana Deusi akafungua mfuko wake, akatoa kitabu cha kijani. "Kitabu ninacho," akasema taratibu. "Ni hadithi ya kutunga, tena ya mbali. Nikiwasomea mimi mtasema nadanganya. Asome mwalimu. Asome hapo anapomtaja bawabu, na mtasikia kwamba si mimi." Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alinipa kitabu kwa mikono miwili, akanitabasamia kwa mdomo wake uliopasuka.

Nilikifungua. Ukurasa niliujua kwa kichwa. Neno lilikuwa pale, tufaha kwa Kiingereza, limechapwa safi, na ni watu wawili tu katika uwanja ule walioweza kulisoma, mimi na yeye, maana hata mwinjilisti hakujua Kiingereza. Nikilisoma lilivyo, yeye anarudi kwenye mibuni yake na mimi nabaki mwongo mbele ya darasa langu, mbele ya mwinjilisti, na kila herufi niliyowafundisha inatiliwa shaka. Nikasoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani: "Bawabu alisimama mlangoni, akimenya ndizi." Watu wakaguna wote kwa pamoja. Sikumtazama, nikaendelea mpaka mwisho wa aya, nikafunga kitabu. Nilipoinua macho alikuwa bado ananitazama, tabasamu limebaki usoni limesahauliwa. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kusema amedanganya huyu. Alifungua mdomo, akatazama uwanja mzima, watu wote wale, akaufunga. Nadhani aliona kwamba hakuna atakayemwamini, au pengine alinionea huruma; sijui, na hilo la pili ndilo lililonichoma miaka yote. Mkungu akaamuru aondoke kabla ya saa sita, asidhurike. Kisu chake kidogo wakakivunja kwa jiwe. Nilimwona akishika njia ya Isingiro, mfuko begani, peke yake, kuelekea kulekule nilikomwacha bawabu wangu.

Mwaka ule nilimaliza kufundisha na wanawake ishirini na wanne walijua kusoma. Mwinjilisti alinisifu kanisani. Sikuolewa na yule bwana, niliolewa baadaye na niliyemtaka, nikazaa, nikazeeka hapahapa Nyabiyonza. Mkaguzi aliyefuata alikuja na mke wake, na hakuna aliyemsumbua. Kuhusu Bwana Deusi hatukusikia chochote, na mimi sikuuliza, niliogopa jibu. Lakini tangu siku ile sijamsimulia mtu hadithi, hata wanangu. Walikuwa wananiona mama mkavu. Wiki tatu kabla hajafa, Ma Kokushubira alinishika mkono kitandani, sauti yake yote imekwisha. "Mwalimu. Zile ndizi, kweli zilikuwemo kitabuni?" Miaka sitini na zaidi alikuwa amelibeba swali hilo na hakuniuliza. Nikamwambia, "Zilikuwemo, Ma." Akasema, "Basi vizuri," akageukia ukutani. Nilijidanganya kwamba nimempa amani. Nilijipa mimi, na wala haikukaa.

Sasa binti wa mtu yule alikuwa anamenya ndizi kando yangu, na kidole changu kinavuja damu. Nikamuuliza, kwa shida, baba yake aliishije. Akasema alirudi Muleba akiwa na homa, akaachishwa kazi kwa kuacha kituo chake, akawa fundi cherehani, akaoa tena, akazaa watoto wanne, akafa mzee. "Alikuwa mpole sana," akasema. "Ila kitu kimoja. Hakugusa kisu cha ndizi maisha yake yote. Mama alipolazwa hospitali mwezi mzima, sisi wadogo, tulikula viporo vya majirani na yeye anatutazama. Tulilia njaa. Tukimuuliza, anasema kuna mahali alimenya ndizi wakamfukuza. Tulidhani ni utani." Akacheka kidogo, akatupa ndizi kwenye beseni. "Alisema kulikuwa na binti mwalimu aliyeweza kumwokoa kwa neno moja, akalibadilisha. Tukawa tunamuuliza, na yule binti aliishia wapi? Kila mara jibu lake ni lilelile. Kitabu hakikusema."

Nilikuwa nimejiandaa kwa chuki, si kwa maneno yangu mwenyewe. Machozi yalinitoka, nikayaacha. Katika daftari langu la waovu wadogo nimeandika majina ya watu wengi, na ukurasa waliopotelea, na sikuwahi kufikiri kwamba nyumbani kwa mtu, huko Muleba, watoto wanne walikuwa wanauliza habari zangu.

"Ni mimi, mwanangu," nikasema. "Yule binti ni mimi. Nimeishia hapa."

Kemilembe hakulia wala hakunitukana. Alinitazama mikono muda mrefu, mikono hii ya kizee, myeusi kwa utomvu. Kisha aliweka kisu kwenye beseni, akafuta vidole vyake kwa jani kimoja kimoja, akageuka kunikabili. "Baba amekufa hajui," akasema. "Mimi nitajua. Anza mwanzo, mama, na usiongeze kitu." Halafu akasema kwa lugha ya nyumbani, kama wasikilizaji wa hadithi wanavyosema:

"Ona tuone."

Nikaanza na tufaha.